Jenerali Alan Cunningham: Kutoka Mto Tana Hadi Jangwa la Libya

Miongoni mwa majenerali wa Uingereza walioongoza majeshi katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Alan Gordon Cunningham ni mmoja wa wale wanaotajwa kwa haraka na kupitwa. Wanahistoria wa vita vya Libya humtaja kama kamanda aliyeondolewa katikati ya mapigano. Wale wa Palestina humtaja kama Kamishna Mkuu wa mwisho, aliyeteremsha bendera na kupanda meli. Huko Garissa, ambako sifa yake kubwa ilianzia, ni nadra jina lake kusikika. Hata hivyo, maisha yake yanastahili kutazamwa kutoka upande huo wa Garissa, kwa kuwa ndiko alikokabiliwa na swali ambalo kila jeshi hukabiliwa nalo kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa: je, miili ya askari iko tayari? Swali hilo alilijibu vyema kuliko makamanda wengi wa zama zake. Miezi tisa baadaye swali lilo hilo lilimgeukia yeye mwenyewe, naye hakuwa na jibu.

Cunningham alizaliwa mjini Dublin, Ireland, tarehe 1 Mei 1887, katika nyumba ambamo mwili wa binadamu ulikuwa ndio somo la kila siku. Baba yake, Profesa Daniel John Cunningham, alikuwa bingwa wa anatomia katika chuo cha Trinity, Dublin, na kuanzia mwaka 1903 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Vitabu alivyoviandika viliendelea kuwafunza madaktari kwa miongo mingi baada ya kifo chake. Lakini profesa huyu hakuishia katika chumba cha kupasulia maiti. Vita vya Makaburu vilipozuka huko Afrika Kusini mwaka 1899, jeshi la Uingereza liliteketea kwa maradhi kuliko kwa risasi. Askari zaidi ya 13,000 walikufa kwa magonjwa, homa ya matumbo ikiwa mbele, na hospitali za Bloemfontein zikageuka kuwa kashfa iliyozungumzwa hadi bungeni. Serikali iliunda tume ya kuchunguza jinsi wagonjwa na majeruhi walivyotunzwa, na Profesa Cunningham akawa mmoja wa wajumbe wake wachache. Baadaye alishiriki pia katika kamati ya Wizara ya Vita iliyochunguza viwango vya kimwili walivyotakiwa kuwa navyo makuruti na wale walioomba kuwa maofisa.

Mwaka 1904, wakati Uingereza nzima ilipojawa na hofu kwamba taifa linazaa vijana dhaifu wasiofaa kubeba bunduki, profesa huyo alitoa ushahidi mbele ya kamati nyingine ya serikali. Msimamo wake ulikwenda kinyume na hofu ya wengi. Alishikilia kwamba udhaifu uletwao na umaskini, njaa na makazi mabaya haurithiwi, na kwamba kizazi kikilishwa na kutunzwa vizuri mwili hurejea katika kimo na nguvu zake za asili. Hakuna ushahidi kwamba mwanawe Alan, aliyekuwa na umri wa miaka 17 wakati huo, alizifuatilia hoja hizo. Hata hivyo, ni vigumu kuisoma habari ya vita vyake vya 1941 bila ya kuzikumbuka.

Watoto wa profesa waligawana njia. John alikuwa daktari katika huduma ya tiba ya jeshi huko India. Andrew alijiunga na jeshi la majini, akapanda hadi kuwa admirali mashuhuri aliyeongoza manowari za Uingereza katika bahari ya Mediterania. Alan alipelekwa Cheltenham, kisha katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, na mwaka 1906 akapata cheo cha ofisa katika kikosi cha mizinga. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alitumika kwenye uwanja wa Ufaransa na kutunukiwa nishani mbili za ushujaa, moja mwaka 1915 na nyingine 1918. Miaka ya amani iliyofuata ilikuwa ya kawaida: kazi za utawala wa kijeshi huko Malaya, mafunzo, ualimu, kisha uongozi wa vikosi vya mizinga ya kudungua ndege. Hadi mwaka 1940 alikuwa Meja Jenerali mwenye umri wa miaka 53, anayeheshimiwa na wenzake, lakini asiyejulikana na umma.

Tarehe 1 Novemba 1940 alishika uongozi wa majeshi ya Afrika Mashariki akiwa na makao makuu Nairobi. Hali aliyoikuta haikuwa ya kufurahisha. Italia ilikuwa imetangaza vita mwezi Juni, na kufikia katikati ya Julai Moyale ilikuwa imeachwa mikononi mwa Waitaliano, ambao kisha walisonga hadi Buna. Mstari wa ulinzi ulirudi nyuma hadi Wajir na hadi Mto Tana, ambako Garissa na Bura zilikuwa vituo vya mbele. Cunningham alikuwa na watu zaidi ya 70,000 chini yake. Wengi walikuwa Waafrika wa Afrika Mashariki, takriban 27,000 walitoka Afrika Kusini, na wengine takriban 9,000 walikuwa wamevuka bahari kutoka Nijeria na nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mbele yao, kati ya Tana na Mto Juba, palikuwa na takriban kilomita 300 za nyika ya miiba isiyo na mto hata mmoja wa kudumu.

Garissa ya wakati huo haikuwa mji uliokuja kuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki kuanzia 1963. Ilikuwa boma dogo la utawala ukingoni mwa mto, katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo ambalo serikali ya kikoloni ililifunga na ambalo mtu wa bara hakuruhusiwa kuliingia bila kibali. Wafugaji wa Kisomali waliteremsha ngamia wao mtoni wakati wa kiangazi, na wakulima wa ukingoni walipanda katika matope yaliyoachwa na gharika. Kwa askari aliyetoka Ukambani, Nandi au Kavirondo, hii ilikuwa nchi nyingine kabisa. Joto la mchana hufikia nyuzi 34 na zaidi, vumbi huingia katika chakula na katika macho, na usiku, mahali pale pale penye maji ya uhai, mbu hutoka mtoni na malaria yao.

Huo ndio uliokuwa mtego wa mahali hapo. Aliyekaa karibu na mto aliugua homa, na aliyeuacha mto alikufa kiu. Mtu anayefanya kazi ngumu katika joto la namna ile huweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja, na asipoirudisha, pamoja na chumvi yake, hulegea, hupagawa, na mwishowe huanguka. Malori nayo yana kiu yake. Wasomali walizijua sheria za nchi hiyo tangu zama, na ndiyo sababu majina mengi ya mahali huko yanataja maji. El Wak ni mfano mzuri. Neno la kwanza lina maana ya kisima katika Kisomali, na la pili ni jina la kale la Mungu katika lugha za Kikushi. Kiangazi kikali cha kuanzia Januari hadi Machi hukiita jilaal, na mvua za masika huziita gu. Katika jilaal hakuna maji ya kunywa. Katika gu barabara hugeuka kuwa uji na malori huzama hadi ekseli.

Kwa hiyo, Cunningham alipoulizwa na mkuu wake, Jenerali Wavell aliyekuwa Cairo, ni lini angeweza kuishambulia Kismayu, alijibu kwamba haingewezekana kabla ya masika ya 1941 kwisha. Jibu hilo halikumpendeza Waziri Mkuu Churchill, aliyetaka mambo yaende mbio. Lakini sababu aliyoitoa Cunningham haikuwa woga wala uhaba wa bunduki. Ilikuwa maji. Hakutaka kuwatuma watu mahali ambapo miili yao haingeweza kuishi, hata kama adui asingefyatua risasi hata moja.

Nchi ya Kenya ilikuwa na kumbukumbu chungu ya kamanda aliyefanya kinyume chake. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi waliokusanywa kwa nguvu kulibebea jeshi mizigo huko Tanganyika walikufa kwa maelfu, na idadi ya waliokufa kutoka Kenya pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Wengi wao hawakumwona adui. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, na kwa unga wa mahindi ambao haukupikwa ukaiva. Kiswahili kimelihifadhi jeshi hilo la wapagazi katika majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na wazee waliolikumbuka walikuwa hai wakati makachero wa kuandikisha askari walipopita vijijini mwaka 1940. Oscar Watkins, aliyekuwa kiongozi wa wapagazi hao na kupigania hali yao, ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939. Si ajabu basi kwamba safari hii afya ya Mwafrika jeshini ilipewa uzito ambao hapo awali haikuupata, ingawa si kwa huruma peke yake. Serikali iliwahitaji watu hao wakiwa wazima.

Kijana aliyejiandikisha alivuliwa nguo, akapimwa kimo, uzito na kifua, akatazamwa macho, meno na nyayo. Aliyekutwa na safura au mchochota alitibiwa au akarudishwa kwao. Waliopita walilishwa. Posho iliongezewa nyama, mafuta, mboga na chumvi, na katika miezi ya mwanzo ya mafunzo wengi waliongezeka uzito na nguvu. Jambo hilo halikupaswa kumshangaza yeyote aliyesoma uchunguzi wa Orr na Gilks uliotolewa mwaka 1931, ambao uliwalinganisha Wamaasai na Wakikuyu na kuonyesha jinsi tofauti za chakula zilivyoambatana na tofauti za kimo, uzito na maradhi. Ukweli ni kwamba kijana mwingi wa Kenya ya kikoloni alikula vizuri kwa mara ya kwanza alipovaa kaki. Aliyekuwa akimdhania kuwa mvivu au dhaifu kwa asili yake alikuwa akiitazama njaa bila kuitambua. Profesa wa Edinburgh alikuwa amelisema jambo hilo kuhusu vijana wa mitaa ya maskini ya Uingereza kabla makuruti hao hawajazaliwa.

Halafu palikuwa na suala la lugha. Amri ya kumeza kwinini, ya kuchemsha maji, ya kushusha mikono ya shati magharibi inapoingia, haina faida isipoeleweka. Katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho askari wake walikiita KAR tu, lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi cha kambini kilichopunguzwa ngeli na kuongezwa maneno ya parade, ambacho wataalamu wa baadaye wamekiita KiKAR. Wazungu waliotoka Uingereza walilazimika kujifunza. Madresa na wauguzi wa kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki walifunzwa na kufanya kazi kwa Kiswahili. Lakini vikosi vya Nyasaland vilitumia Chinyanja, Wanijeria na watu wa Gold Coast walielewana kwa Kihausa, na Waafrika Kusini walikuja na Kiingereza na Kiafrikana. Mgonjwa aliyelazwa katika hema la hospitali aliweza kukuta mganga asiyelijua hata neno la maumivu katika lugha yake. Kamanda anayepanga vita katika ramani halioni jambo hili, ila daktari huliona kila asubuhi.

Miguu nayo ilikuwa na habari yake. KAR ya kabla ya vita haikuwa jeshi la buti. Askari wake walizoea kwenda peku au kwa makubadhi, na nyayo zao zilikuwa ngumu kuliko ngozi ya kiwandani. Mtu anayelazimishwa kuvaa buti kwa mara ya kwanza ukubwani hupata malengelenge yanayomlaza siku kadhaa, na anayeachwa peku katika nyika ya migunga hupata miiba inayotunga usaha na kugeuka donda ndugu. Hakuna suluhisho lililomfaa kila mtu.

Mambo mawili yalibadilisha hesabu za Cunningham. Tarehe 16 Desemba 1940 brigedi ya Gold Coast na brigedi moja ya Afrika Kusini, chini ya Meja Jenerali Godwin-Austen, zilivamia El Wak na kuitwaa kwa hasara ndogo mno. Waliokuwa wakitilia shaka uwezo wa askari wa Kiafrika kusafiri mbali na kupigana katika joto lile walinyamaza, na ikadhihirika pia kwamba adui alikuwa na moyo dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Jambo la pili lilikuwa visima. Wahandisi wa Afrika Kusini walikuja na mashine za kuchimba, wakatoboa ardhi mahali pengi katika wilaya hiyo ya kaskazini, na kila kisima kilichotoa maji kiliisogeza mbele hatua moja ya safari. Mwishoni mwa Januari Cunningham alibadili uamuzi wake. Badala ya kungoja hadi masika yapite, angekwenda kabla hayajaanza, na kwa brigedi nne badala ya sita alizofikiria mwanzoni, maana maji na malori hayakutosha kuwalisha na kuwanywesha wengine zaidi.

Uamuzi huo ndio kilele cha maisha yake, na ubora wake unatokana na kule kungoja kulikoutangulia. Jenerali yule yule aliyekataa kwenda Desemba ndiye aliyekwenda Februari, na kilichobadilika katikati hakikuwa tabia yake bali maji yaliyopatikana, malori yaliyokusanywa na watu waliozoeshwa joto. Haraka bila ya maandalizi ingewaangamiza watu wake karibu na Liboi. Kuendelea kungoja kungewatupa katika matope. Waliotaka kuona mfano wa matope hayo waliupata miaka 70 baadaye. Mnamo Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya lilivuka mpaka katika eneo hilo hilo likielekea Afmadow, mvua za vuli zikayanasa magari yake njiani, na Kismayu haikutwaliwa hadi mwishoni mwa Septemba 2012.

Mwaka 1941 ardhi ilikuwa kavu. Vikosi viliondoka upande wa Garissa na Bura, maji yakibebwa kwa malori katika mapipa na madebe. Afmadow ilikuwa tupu tarehe 11 Februari. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14. Juba ilivukwa siku chache baadaye, na tarehe 25 Wanijeria waliingia Mogadishu, ambako akiba kubwa ya petroli ilikuwa imeachwa bila kuchomwa. Kutoka hapo safari iligeukia kaskazini, Jijiga, Harar, na kutoka joto la pwani hadi baridi ya milima. Askari waliokuwa wakigawiwa maji kwa kipimo mwezi mmoja kabla walijikuta wakitetemeka kwa mvua na ukungu katika urefu wa zaidi ya meta 2,000. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ilitekwa. Jeshi lilikuwa limekwenda zaidi ya kilomita 2,700 katika muda usiotimia miezi miwili.

Hasara ya mapigano katika safari hiyo yote, waliokufa, waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa, ilikuwa watu 501, na kati yao waliouawa walikuwa 135. Takwimu hiyo ilimfanya Cunningham kuwa shujaa kwa usiku mmoja, naye akapewa hadhi ya kuitwa Sir mwaka huo huo. Ni haki kusema kwamba Waitaliano walikuwa wakirudi nyuma kuliko walivyokuwa wakipigana. Ni haki pia kukumbuka kwamba orodha ya hasara za mapigano haiwahesabu walioshikwa na malaria ya Juba wala waliohara damu njiani. Maradhi hayakubagua vyeo wala upande. Mtawala wa Waitaliano katika Afrika Mashariki, Amedeo, Mtemi wa Aosta, aliyesalimu amri huko Amba Alagi mwezi Mei 1941, aliletwa Kenya kama mateka na kufia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 kwa kifua kikuu na malaria. Kaburi lake liko Nyeri.

Sifa ya Garissa na Juba ndiyo iliyompeleka Cunningham katika maangamizi yake. Jenerali Auchinleck, aliyechukua nafasi ya Wavell huko Cairo, alimteua kuongoza Jeshi la Nane, jeshi jipya lenye watu zaidi ya 100,000 na mamia ya vifaru, dhidi ya Rommel. Alifika Misri kabla ya Septemba 1941 kwisha, na mashambulizi yalipangwa kuanza Novemba. Hakuwa amewahi kuongoza vita vya vifaru. Lakini jambo ambalo halikuangaliwa kabisa lilikuwa mwili wake. Alikuwa ametoka katika mwaka mzima wa kazi bila ya mapumziko ya maana. Macho yalimsumbua. Wanaosimulia habari zake wanaeleza kwamba daktari alimwamuru kuacha kiko alichokuwa akikivuta mfululizo, naye akakiacha wakati ambapo mzigo wa wasiwasi ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alilala kidogo na kufanya kazi sana.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Jeshi lile lile ambalo lilimvua nguo kila kijana wa Machakos na Kapsabet, likampima kifua na kumhesabu meno kabla ya kumkabidhi bunduki moja, lilimkabidhi mtu aliyechoka maisha ya watu zaidi ya 100,000 bila ya kumuuliza amelala saa ngapi. Ukaguzi ulipungua kadiri cheo kilivyopanda.

Mashambulizi yalianza tarehe 18 Novemba 1941. Katika siku tano vifaru vya Uingereza viliteketea kwa idadi ya kutisha karibu na Sidi Rezegh. Tarehe 23 Cunningham alimwomba Auchinleck aje mbele, akiwa na fikra ya kuacha mashambulizi na kurudi kulinda Misri. Siku iliyofuata Rommel alipenya nyuma ya mistari, na ndege iliyombeba Cunningham iliruka kwa taabu katikati ya malori yaliyokuwa yakikimbia ovyo. Godwin-Austen, yule yule wa El Wak ambaye sasa aliongoza mojawapo ya kori zake, alisimama imara upande wa kuendelea na vita. Auchinleck aliamua vita viendelee, na tarehe 26 Novemba akamwondoa Cunningham na kumweka Neil Ritchie mahali pake. Jenerali aliyeondolewa alilazwa hospitalini huko Misri, na madaktari wakasema kwamba alikuwa amechoka kupita kiasi cha kuweza kufanya kazi.

Kesho yake, tarehe 27 Novemba, ngome ya mwisho ya Waitaliano huko Ethiopia, Gondar, ilisalimu amri. Miongoni mwa walioitwaa walikuwa askari wa Afrika Mashariki, wa jeshi ambalo yeye aliliandaa Kenya.

Wapo waliomhukumu Cunningham kwa ukali na kumwita mtu aliyekosa moyo. Hukumu hiyo inasahau kwamba tahadhari aliyoionyesha Libya ilikuwa ya ukoo mmoja na ile iliyowaokoa watu wake mwaka uliotangulia. Kilichotofautiana ni kwamba katika nyika ya Garissa aliyehesabu hatari alikuwa amepumzika na mwenye akili tulivu, na huko Sidi Rezegh hakuwa hivyo. Auchinleck mwenyewe alikuwa sahihi kumwondoa, kwa maana vita viliendelea na mwishowe Tobruk ikakombolewa. Kosa lilifanywa miezi miwili kabla, pale ambapo hakuna aliyemtuma kwanza kwa daktari na kisha likizo.

Hakuongoza tena jeshi katika vita. Alipewa chuo cha maofisa cha Camberley, kisha uongozi wa majeshi ya Ireland ya Kaskazini, kisha wa mashariki ya Uingereza. Vita vilipokwisha alipandishwa kuwa Jenerali kamili, na mwezi Novemba 1945 akatumwa Jerusalem kama Kamishna Mkuu wa Palestina. Ilikuwa kazi ambayo hakuna mtu angeweza kuifanya na kusifiwa na pande zote, naye hakusifiwa. Aliondoka Haifa kwa manowari tarehe 14 Mei 1948. Alioa mwaka 1951 akiwa na umri wa miaka 64, akasimamia mambo ya shule yake ya zamani ya Cheltenham, akavua samaki na kutunza bustani.

Mwili ule uliotangazwa kuwa umechakaa mwaka 1941 uliishi miaka mingine 41. Alan Cunningham alifariki mjini Tunbridge Wells tarehe 30 Januari 1983, akiwa na umri wa miaka 95. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kandokando ya Barabara ya Ngong, umesimama ukuta wa ukumbusho wa wale waliokufa katika safari ya Juba, Somalia na kusini mwa Ethiopia na ambao makaburi yao hayajulikani.